Limau Likifika Juu

Mwalimu alikuwa na mikono miwili kama watu wote, ila ya kwake ilikuwa na kazi ya ziada. Wa kushoto ulikuwa kasi. Wa kulia ulikuwa mchapuko, yaani namna kasi inavyobadilika sekunde hadi sekunde. Kila mwaka alisimama mbele ya darasa la fizikia na limau moja, akalirusha juu, na wanafunzi wote wakawa wanaonyesha kwa mikono. Limau linapanda: kushoto juu, kulia chini. Limau linashuka: kushoto chini, kulia chini. Na pale juu kabisa, linaposita kabla ya kugeuka, kushoto ngumi, kwa sababu kasi imekwisha, lakini kulia chini vilevile. Hapo ndipo alipowapata. Aliyefumba mikono yote miwili alirushiwa limau la kichwa, darasa likaangua kicheko, na yeye akasema neno lake la kila mwaka: "Wa kulia haupumziki. Ungepumzika hata kidogo, limau lingebaki juu mpaka leo."

Kwa hiyo wanafunzi walimwita Mikono. Alijua, na jina lilimfurahisha.

Niseme mapema ili nisije nikalaumiwa: alikuwa mwalimu hodari. Angekuwa mbumbumbu, hadithi hii ingekuwa nyepesi. Mbumbumbu hawezi kufanya ubaya alioufanya yeye. Ubaya ule ulitaka mtu anayejua.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi wa redio ambaye kutwa nzima alikaa barazani kazungukwa na nyaya na matumbo ya redio za watu, na binti mmoja waliyemwita Kidosho. Kidosho alipatikana kwa tabu, baada ya mimba kadhaa kutoka, na mama yake alimpenda kwa pupa, kama mtu anayekula huku anaogopa sahani itaondolewa. Alikuwa mtoto mtiifu, mwandiko wake wa kupendeza. Kichwa tu ndicho kilichokuwa kizito. Kanuni zote alizikariri, ila hesabu ikija imevaa nguo mpya hakuitambua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alikuwa pia mwalimu wa mwanawe, kwa hiyo aliujua mara mbili.

Tumaini lilikuwa moja. Chuo cha ufundi kilichukua mtoto mmoja kila mtaa, kikamlaza, kikamlisha, kikamfikisha mpaka uhandisi. Nje ya chuo hicho, mtoto wa kichwa kizito alikuwa hana mlango mwingine. Jopo lilikuja shuleni kwa Mikono, likawahoji mmoja mmoja mbele ya ubao watoto waliopelekwa na shule za mtaa, mtoto mmoja kila shule, na aliyehojiwa mara moja hahojiwi tena maishani. Ndiyo ilikuwa sheria yao. Mkuu wa jopo, mzee wa miwani minene, alikuwa na swali lake la mwisho ambalo hakuwahi kumsamehe mtoto yeyote aliyelikosea. Kitu kilichorushwa juu, kikifika kileleni, mchapuko wake ni ngapi? Hata ukokotoe kama mashine, ukikosea hapo umemwaga unga. Mikono aliibuni ile mikono yake kwa ajili ya swali hilo hilo, na darasani Kidosho alikuwa ameizoea mpaka haimpi shida tena. Mtaa mzima haukuwa na mtoto wa kumshinda. Mama mtu alishaanza kushona shuka za bweni.

Ndipo kaka yake Mikono akafa, na mtoto wa kaka akaletwa.

Kaka yule alikuwa mchomeleaji wa mageti. Shule aliiacha njiani kwa uvivu tu, hakuna aliyemzuia. Lakini utotoni, akiulizwa hesabu, alikuwa anajikuna sikio, anatoa jibu, na dada yake bado anachonga penseli. Wazazi wao walikuwa wakicheka: "Huyu wa kike anasoma, huyu wa kiume anajua." Walisema kwa utani. Utani wa namna hiyo hauozi. Mikono aliubeba mpaka akapata shahada, mpaka akaolewa, na hata kaburini kwa kaka yake alikwenda nao.

Msichana alifika na begi moja na jina la utani alilopewa na baba yake: Kwanini. Alikuwa mdogo kidogo kwa Kidosho, mwembamba, mpole kwa watu na mbishi kwa vitu. Mlango ukigoma kufunga, alitaka kujua umegomea wapi. Shule aliyoingizwa, ile ya nyuma ya soko, haikuwa na mwalimu wa fizikia. Hata hivyo mkuu wa shule ile, alipomwona anavyotafuna hesabu, alipeleka jina lake kwa jopo bila kumuuliza mtu. Mikono alipata habari jina likiwa limeshapita.

"Bahati iliyoje," alisema mumewe, bisibisi mdomoni. "Mwalimu tunaye humu humu ndani. Wafundishe wote wawili, mama Kidosho. Atakayepata, nyumba imepata."

"Ndiyo," akajibu Mikono. "Nyumba imepata."

Jioni ya kwanza akawakalisha mezani. "Basi limeondoka kituoni, lilikuwa limesimama. Mchapuko wake mita mbili kwa sekunde, kila sekunde. Baada ya sekunde nane litakuwa limefika umbali gani?"

Kidosho akavuta karatasi, akaandika "Tumepewa", akapiga mstari chini yake kwa rula. Kwanini akajikuna sikio.

"Mita sitini na nne," akasema.

"Umejuaje?"

"Mwanzoni kasi ni sifuri, mwishoni ni kumi na sita, kwa hiyo kati na kati ni nane. Nane kwa sekunde nane." Akamtazama shangazi yake. "Nimekosea?"

Hakukosea. Mikono alikuwa amefundisha miaka mingi bila kukutana na mtoto anayeiona hesabu badala ya kuikumbuka, na kwa kitambo kidogo moyo wake ulifurahi kabisa, furaha safi ya mtu na kazi yake. Kisha akaona ule mkono pale sikioni. Furaha ikachacha papo hapo.

"Andika kwa kanuni," alisema. "Jopo halitaki uganga."

Akaongeza ugumu. Gari linalofunga breki, litasimama baada ya mita ngapi. Ufunguo ulioponyoka dirishani ghorofani, utafika chini kwa kasi gani. Kwanini aliyajibu huku anasuuza vyombo, mgongo kauelekeza mezani. Jambo la kumwudhi zaidi Mikono ni kwamba Kidosho hakuona wivu hata chembe. Alicheka, akapiga makofi. "Mama, huyu ana kikokotoo kichwani," alisema, na siku chache baadaye akawa hamuulizi tena mama yake. Anamuuliza Kwanini. Na akielezwa na Kwanini, ajabu ni kwamba alielewa.

Mama akawatenganisha. Kidosho akawa anabaki shuleni baada ya masomo, Kwanini akawa anafundishwa jikoni wakati chakula kinapikwa. "Kila mmoja atahojiwa peke yake," alieleza, na maelezo yalikuwa na akili, hakuna aliyebisha.

Jioni moja Mikono alikuwa anakata kitunguu. Kwanini alikuwa ameokota limau kwenye kapu, analirusha na kulidaka, analirusha na kulidaka, kwa mazoea tu ya mtoto asiyeweza kutuliza mikono.

"Shangazi, hili likifika juu kabisa linasimama kidogo, sivyo? Pale kasi yake ni sifuri."

"Sifuri."

"Na mchapuko?"

Kisu kikasimama. "Wewe unaonaje?"

Msichana akajikuna sikio. "Naona ni uleule, kumi, kuelekea chini. Maana pale halina kasi tena. Kama na mchapuko nao haupo, nini kitalirudisha? Si litakaa tu hukohuko." Akacheka. "Tungekuwa na malimau yananing'inia kila mahali."

Basi hilo hapo. Neno ambalo Mikono alilitafutia mikono na kelele na limau la kichwa mwaka baada ya mwaka, limetoka lenyewe kinywani mwa mtoto ambaye hajaingia darasani kwake hata siku moja. Ningependa kusema kwamba shetani alimpitia. Watu wanapenda sana kumsingizia shetani. Hakupita shetani yeyote. Jikoni mle kulikuwa na watu wawili na kitunguu.

"Hapana," alisema Mikono.

"Hapana?"

"Fikiri vizuri. Limau limesimama. Kitu kilichosimama hakina mchapuko. Pale juu kila kitu ni sifuri."

"Lakini shangazi, sasa nini kina..."

"Linapumzika, kisha mvuto wa dunia unalishika upya. Ndivyo ilivyo vitabuni."

Kwanini alilitazama lile limau kiganjani. Kisha akajaribu tena, kwa adabu, sauti chini. "Unalishika upya kutoka wapi? Kwani ulikuwa umekwenda wapi?"

Swali lilikuwa zuri mno, na uzuri wake ndio uliolimaliza. "Baba yako naye alikuwa hivihivi," alisema Mikono, na kisu kikaanza kukata tena. "Anajua kuliko vitabu, anajua kuliko walimu. Akaishia kuchomelea mageti ya watu. Ndiyo njia unayoitaka?"

Udongo wa kaburi la baba yake ulikuwa bado haujashuka. Msichana akainamisha kichwa. "Hapana, shangazi."

"Basi sema. Na fumba mikono, yote miwili, ndivyo utakavyokumbuka."

Kwanini akaweka limau chini, akafumba mikono. "Pale juu kasi ni sifuri, na mchapuko ni sifuri."

"Tena."

Akasema tena.

"Na Kidosho usimwambie mambo haya ya kilele. Kichwa chake unakijua. Utamchanganya bure."

"Sitamwambia, shangazi," alijibu Kwanini, na kwa kweli hakumwambia, kwa sababu alimhurumia dada yake.

Tangu siku hiyo kila jioni Mikono aliuliza, na Kwanini akafumba ngumi mbili. Mwanzoni ngumi zilikuja taratibu, kama mlango wenye kutu. Baadaye zikaja upesi. Usidhani Mikono hakuumia. Siku moja, mafuta yanachemka kikaangoni, alifungua kinywa amwambie mtoto kweli, na neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kutoka chumba cha pili akasikia sauti ya Kidosho ikikariri: kasi ya mwisho ni kasi ya mwanzo, jumlisha mchapuko mara, mara, mara nini. Akaanza upya. Akakwama palepale. Mikono akafunga kinywa, akageuza vilivyokuwa kikaangoni.

Siku ya jopo, meza ya wahoji iliwekwa katika chumba cha maabara. Mikono, kama mwenyeji, alipewa kiti nyuma kabisa karibu na kabati la vioo, na mzee wa miwani akamkumbusha kwa heshima kwamba haruhusiwi kusema neno. "Nimekaa," alisema Mikono. Mikono yake akailaza mapajani.

Watoto watatu wa mwanzo, wa shule nyingine, waliingia, wakafika kwenye lile swali la mwisho, wakatoka na nyuso ndefu. Akaingia Kwanini, sketi ya Kidosho kiunoni imebanwa kwa pini.

"Sarafu imeachiwa kutoka juu ya tangi la maji," alisema mzee. "Urefu wa mita arobaini na tano. Itatumia muda gani?"

"Sekunde tatu," akasema Kwanini. "Na itagonga chini kwa kasi ya mita thelathini kwa sekunde."

"Sijauliza kasi."

"Samahani, mzee. Imekuja yenyewe."

Wahoji wale wawili wa pembeni wakatazamana. Mzee akauliza la gari linalokwenda mita ishirini kwa sekunde na kusimama katika sekunde nne. Mita arobaini, alijibiwa, kabla chaki haijaguswa. Akauliza jingine, na jingine. Kisha akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, na Mikono akaiona furaha usoni pake na kuitambua. Ilikuwa ileile ya kwake, ile ya jioni ya basi.

"La mwisho, mwanangu. Hili ni la kujifurahisha tu." Akarusha kipande cha chaki, akakidaka. "Pale juu kabisa, kasi?"

"Sifuri."

"Na mchapuko?"

Mkono wa Kwanini ukapanda, ukafika sikioni.

Mikono aliona. Ule ulikuwa mkono wa kaka yake, na alijua unakwenda wapi: ungejikuna mara moja tu, na jibu lingetoka, lile la malimau yanayoning'inia. Lakini msichana aligeuza shingo, akamtafuta shangazi yake kule nyuma karibu na vioo, si kwa kuiba jibu, bali kwa kumwomba ruhusa.

Sheria ilizuia maneno. Haikuzuia mikono. Ule wa kulia, ambao kwa miaka yote hiyo haukuwahi kupumzika, ulikuwa umelala pajani vidole vimeelekea sakafuni, na ilitosha uendelee kulala hivyohivyo. Mikono akaukunja. Akaufumba na wa kushoto. Ngumi mbili, wazi, juu ya magoti.

Kwanini akashusha mkono kutoka sikioni. "Sifuri," alisema.

Mzee hakutaka kuamini. Alisogea mbele kwenye kiti. "Ngoja kwanza. Sasa nini kitakirudisha chini?"

Mtoto alijua swali hilo lilikotoka. Aliwahi kuliuliza yeye. "Kinapumzika," alisema taratibu, "kisha mvuto unakishika upya."

"Nani kakufundisha hivyo?"

Akamtazama tena shangazi yake. Mtazamo huu wa pili Mikono hakuuelewa, na aliendelea kutouelewa mpaka siku ya sinia, nitakayoifikia.

"Hakuna, mzee," alisema Kwanini. "Shangazi alinifundisha vizuri. Mimi ndiye niliyesikia vibaya."

"Unaishi nyumba moja na mwalimu huyu," mzee alisema, na sasa sauti ilikuwa imepoa kabisa, "mwalimu ambaye jopo zima linamjua kwa jambo hilihili, na hukusikiliza?" Akavaa miwani. "Pole, binti. Akili isiyosikiliza ni kama gari lisilo na usukani. Unaweza kwenda."

Kidosho ndiye aliyefuata. Ya sarafu aliikosea. Ya gari aliipata kwa shida, ubao umejaa. Chaki iliporushwa, mkono wake wa kushoto ukafumba ngumi na wa kulia ukaelekea chini, umenyooka. "Wa kulia haupumziki, mzee," alisema. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akaandika.

Matokeo yalipotoka nyumba ilijaa. Mume alizifunika redio zake kwa shuka na kuazima viti kwa jirani. Mama mkubwa wa Kidosho alikuja, mashoga wa Mikono walikuja, na kila aliyeingia alimpongeza kwanza mama ndipo mtoto. Kwanini alikuwa akipita na sinia la juisi.

"Hebu tuonyeshe hilo swali lililowaangusha wenzako," mama mkubwa alimwambia Kidosho.

Kidosho akasimama katikati ya sebule, amejaa haya na furaha. Baba yake akamrushia chungwa kutoka kwenye sahani ya matunda, likapanda karibu ya dari. "Linapanda," alisema Kidosho. "Juu kabisa." Kushoto ngumi, kulia chini. "Linashuka." Wageni wakapiga makofi, ijapokuwa hakuna aliyeelewa.

Sinia likawekwa mezani. Liliwekwa polepole, glasi hazikulia.

"Dada," alisema Kwanini, "pale juu mbona wa kulia hukuufumba?"

"Haufumbwi. Ukiufumba unafeli." Kidosho alicheka. "Mama kanifundisha hivyo tangu nimeanza fizikia. Darasa letu zima linajua."

Kwanini akasimama pale, mikono mitupu. Kisha akamgeukia shangazi yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomshinda Mikono baadaye; hasira angeijibu.

"Shangazi, mimi nilidhani hujui," alisema. "Pale mbele ya wazee, nilipoona ngumi zako, nikasema kumbe shangazi naye anaamini hivi. Nikiwaambia ninavyoona mimi, watakucheka. Ndiyo maana nikasema nimesikia vibaya."

"Hujui nini?" aliuliza mume, anatabasamu bado, akimtazama huyu na kumtazama yule. "Mama Kidosho, hujui nini?"

Mashoga wakatazama glasi zao. Mikono akatafuta neno lolote, na neno alilolipata lilikuwa la mwenye nyumba.

"Juisi upande ule imekwisha," alisema. "Kaongeze."

"Ndiyo, shangazi," alisema Kwanini. Akachukua sinia, akaenda kuongeza.

Kidosho alikaa chini, akaikalia mikono yake.

Wapo watakaotaka niseme kwamba Kidosho alikataa nafasi, akaenda kwa mzee wa miwani, akasema kila kitu. Hakukataa. Alilia, akamwangukia Kwanini shingoni, wakalala kitanda kimoja siku zote zilizobaki, kisha akafunga shuka mpya kwenye sanduku. Nafasi ni nafasi, na jopo haliwarudii waliokwisha kuhojiwa. Mume alizungumza na mkewe mambo ya chumvi na sabuni tu. Asubuhi ya safari, Kidosho amesimama mlangoni na sanduku, mama akamkumbatia, na mtoto akakaa mikononi mwake kama mzigo uliopokelewa.

"Mama," alisema, "yale yote uliyonifundisha mimi, ni kweli?"

"Ni kweli tupu, mwanangu. Naapa."

"Nitajuaje?"

Mikono alisema kwamba walimu wa chuoni watamwambia vilevile. Kidosho akaitikia kwa kichwa. Barua alizoandika kutoka chuoni zilikuwa fupi, na zote ziliandikwa kwa baba.

Kwanini alibaki. Alimaliza mwaka wake shule ya nyuma ya soko, na ilipojulikana kwamba hakuna pa kwenda, maana ada ya shule nyingine haikuwapo, akawa wa nyumbani: anafagia, anapika, anampokea mjomba wake redio za wateja na kuziweka rafuni. Hakununa. Hakujibu vibaya. Mlango wa stoo uligoma kufunga, akausukuma kwa bega na kupita zake. Hakuinama kuangalia umegomea wapi. Mikono alimwona siku ile, akaingia chumbani, akakaa kitandani muda mrefu na viatu miguuni.

Darasani limau lilianza kumshinda. Akilirusha alikuwa halitazami likifika juu.

Siku moja alirudi mapema, akamkuta Kwanini jikoni anachagua mchele. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake kama mgeni. Alikuwa amejiandaa njia nzima.

"Sikiliza, mwanangu. Kitu kikirushwa juu, pale kileleni mchapuko ni kumi, kuelekea chini. Haukomi. Wewe ulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, nami nilijua kwamba uko sahihi."

Kwanini alitoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka pembeni. "Ndiyo, shangazi."

"Umenielewa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Huna la kuniuliza?"

"Sina, shangazi."

Mikono akasubiri. Angalau angeuliza kwa nini. Jina lake mwenyewe lilimdai swali hilo. Angelia, angetukana, angemwaga ule mchele. Msichana aliendelea kuchagua, vidole vinakwenda vyenyewe, uso umetulia. Ndipo Mikono akashika njia ambayo mwalimu pekee anaijua, ya kumchokoza mwanafunzi kwa kosa ili aamke.

"Na jiwe kubwa na jiwe dogo," alisema, "yakiachiwa pamoja kutoka juu ya paa, lile kubwa ndilo linalotangulia kufika chini. Tena kwa mbali. Linatangulia kwa sababu ni zito."

Ulikuwa uongo wa kitoto. Hata Kidosho angeukataa. Mikono aliukodolea macho mkono wa msichana, akiomba kwa moyo wake wote uinuke, ufike sikioni.

Mkono ulibaki kwenye mchele.

"Ndiyo, shangazi," alisema Kwanini, kwa sauti ileile. "Niinjike sasa, au nimsubiri mjomba?"